Tembo wa Shamba la Pamoja

Pelagia alifika kwenye dungu la Bwana Nyama akihema, kanga imeloa umande hadi magotini. Hata shikamoo aliisahau.

"Usimpige," alisema. "Nakuomba, usimpige."

Eustace, askari wa wanyamapori ambaye kijiji kizima kilimwita Bwana Nyama, alikuwa ameketi juu ya lile jukwaa la miti, bunduki mapajani, akilitazama shamba la pamoja. Kulikuwa kunapambazuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi.

"Mama Flavia, tulikubaliana."

Kweli walikubaliana. Mwaka juzi, walipohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa karibu na Ipole, watu wa wanyamapori walikuja wakakaa nao siku mbili. Kijiji kingeacha ukanda wa msitu bila kufyekwa, tembo wapite kwenda mtoni. Pembeni ingetundikwa mizinga, maana tembo huogopa nyuki. Tembo atakayevuka akala mazao, angepigwa yeye peke yake. Wengi walipinga, ule ukanda waliutaka kwa tumbaku. Pelagia ndiye aliyesimama akawasihi mpaka wakalegea, na mumewe, Wenceslaus, akachonga mizinga arobaini.

Misimu miwili tembo walishika njia yao. Mwaka huu mvua ikakatika, maghala yakabaki matupu, na mara tatu shamba likakutwa limekanyagwa, nyayo pana zimetapakaa kila mahali. Jana kamati ya kijiji iliapa: tembo akija mara ya nne, msitu unafyekwa.

"Nikimwacha huyu mmoja," Eustace alisema, "tutawapoteza wote."

"Piga hewani. Atakimbia."

"Atarudi. Huyu kashazoea." Akatikisa kichwa. "Tena ni wa ajabu. Tembo akiingia shambani hung'oa bua zima. Huyu anachagua mahindi, mabua anayaacha. Wala kinyesi chake sijakiona."

Pelagia alishika ngazi ya dungu kwa mikono miwili.

"Ni njaa tu, Bwana Nyama. Ana watoto."

"Dume la peke yake halina habari na watoto, mama. Nenda nyumbani."

Hakwenda. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne na chungu kitupu.

Ng'ambo ya shamba mabua yakatikisika. Kishindo kizito kikasikika, kikafuata kingine. Eustace akainua bunduki, akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki. Katika ukungu hakikuonekana kitu ila mahindi, yakifunguka na kujifunga.

Pelagia akapanda ngazi, akaukamata mkono wake. Eustace akamsukuma kwa kiwiko, akalenga upya.

Hapo sauti ikamtoka, kali, ya kusikika mpaka kwenye nyumba za mwanzo za kijiji.

"Baba Flavia! Lala chini!"

Mahindi yakatulia. Kisha Wenceslaus akajitokeza taratibu ukingoni mwa shamba, mikono juu, gunia likimning'inia shingoni, na miguuni kajifunga vigogo viwili vipana, vilivyochongwa kama nyayo za tembo.