Kopo la Bi Somoe

Miaka thelathini Bi Somoe alijaza kandili zote za mji kwa kopo lake la pampu, na sheria ya kazi ilikuwa moja: ukimwaga tone, unakabidhi kopo. Shekue, msimamizi mpya, akasikia kwamba macho ya bibi yamefifia. Asubuhi akatandaza kanzu yake ya Ijumaa chini ya kandili mbili za sokoni.

"Haya, bibi. Tone moja tu, unakwenda kupumzika."

"Nipumzike nimechoka nini?"

Bi Somoe akayafumba hayo macho yenyewe, akasukuma pampu. Mafuta yakaimba ndani ya kandili ya kwanza, sauti ikapanda, ikapanda, akaachia. Wauza samaki waliapa kwamba hata nzi aliyetua kwenye mrija wa kopo aliondoka mkavu. Kanzu ikabaki nyeupe.

"Umebahatisha," alisema Shekue.

"Basi shika wewe, mwanangu, kandili ya pili hiyo. Msimamizi si anaijua kazi?"

Soko zima lilikuwa linatazama. Shekue akasukuma mara moja, mara mbili, akatega sikio. Hakusikia kitu. Bi Somoe alikwisha kunyoosha mkono apokee kopo lake, na kwenye ncha ya mrija, juu ya ile kanzu, tone lilikuwa linanenepa.