Tano za Matroni Skolastika

Kila mwisho wa mwaka, Matroni Skolastika alijaza fomu za tathmini za wauguzi wake kwa nusu saa tu, kwani wote aliwapa tano, alama ya juu, katika kila kisanduku. Zamu zao zilikuwa ndefu na mishahara midogo, naye hakuwa na moyo wa kumharibia mtu kazi.

Mwaka huu alikwama kwenye fomu ya Tabu. Juzi, Tabu alikuwa amemchoma mtoto wa wiki mbili dawa iliyozidi kipimo mara kumi, na mtoto hakuamka tena.

Tabu mwenyewe aliingia ofisini bila hodi.

"Umeniandikia ngapi, Matroni?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Nimekuuliza ngapi."

Skolastika aliifunika fomu kwa kiganja. "Nilijua huoni vizuri. Tangu mwaka juzi nakuona ukisogeza bomba la sindano dirishani ndiyo usome mistari yake. Nikasema, huyu ana watoto watatu, nitamwandikiaje mbili?"

"Ungeniandikia mbili, wangeuliza kwa nini," Tabu alisema polepole. "Wangenipeleka nikapimwe macho. Miwani tu, Mama. Nilikuwa nahitaji miwani."

Matroni aliiweka kalamu mezani. Akaondoa kiganja.

Tabu aliichukua ile karatasi, akaiinua hadi karibu iguse pua, akaanza kuitafuta alama yake katika visanduku ambavyo bado vilikuwa vitupu.