Mluzi wa Mama Chongo

Pimbi wa jiwe moja walikuwa wachache, na mlinzi wao alikuwa Mama Chongo, mwenye jicho moja. Akimwona tai, hupiga mluzi, na wote hukimbilia mapangoni.

Akaja Kasuku, bingwa wa kusema, akajifanya mkuu wao. "Mluzi tu? Sasa nyie mnajua nini?" Akaupiga marufuku mluzi, akawapangia mfumo mpya: kila pimbi alete habari za upepo, siafu na vipepeo, naye azisome zote kwa foleni, juu kabisa ya jiwe.

Pimbi wakakonda. Nani angepata nafasi ya kula, na vipepeo hawajamaliza kupita?

Asubuhi moja Mama Chongo akapanda mbio, anahema. "Baba Kasuku, tai yule anakuja!"

"Foleni, mama! Bado niko kwenye siafu."

Mama Chongo hakubishana. Akapiga mluzi. Kufumba na kufumbua, pimbi wote walikuwa mapangoni.

Kasuku akabaki peke yake juu ya jiwe, manyoya yamemsimama kwa hasira. "Nani huyo analeta habari bila kufuata utaratibu?"

Tai akatua kumjibu.