Amina ya Ambakisye

Siku hizi kila nyumba hutunza sauti na akili za marehemu wake ndani ya kompyuta. Diski ikichakaa, sheria inataka wahamishiwe kwenye mpya, na ile ya zamani isagwe.

Fundi Gwamaka alipomaliza kumhamisha Ambakisye, mjane wake, Tusajigwe, aliuliza, "Ni yeye yule yule?"

"Yule yule, mama. Hakuna neno lililopotea. Ile kongwe ilikuwa inajikokota kama mzee anayetafuta fimbo yake."

Tusajigwe alicheka kidogo. "Hata enzi za uhai wake alikuwa hivyo, mwanangu."

Fundi aliisaga ile kongwe, akaaga. Tusajigwe akapiga magoti mbele ya kompyuta, kama alivyozoea kila jioni. Mumewe hakuwa mwepesi wa kuitikia. Kila mara alikuwa akinyamaza kwanza, kana kwamba anayapima maombi ya mkewe kabla ya kuyaunga mkono. Ni katika ukimya ule mdogo ndipo Tusajigwe alipokuwa akimhisi yuko karibu.

"Ee Bwana," alianza, "naomba..."

"Amina," alisema Ambakisye.

Tusajigwe alianza tena, polepole zaidi, na sauti ile ile aliyoipenda ikamwitikia kabla hajaomba lolote.