Siri ya Akiba na Ukaidi wa Nungunungu

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanakula chungu kimoja, akiba yao ya mbegu ilizikwa mahali pamoja. Siri ya mahali hapo waliitunza watatu, Kanga, Kwale na Nungunungu, ili mmoja akiliwa wasalie wengine. Kila Komba, mzishi wa akiba, alipoihamisha, alipanda mtini akawatangazia hao watatu kwa mlio walioujua wao tu.

Njaa ilipoingia, Komba alikuwa amekwisha kuchukuliwa na mafuriko. Kuchakuro, mgawaji wa chakula, akawauliza watunzaji.

"Chini ya mwamba," akasema Kanga.

"Chini ya mwamba," akasema Kwale.

"Kichakani, kule juu mlimani," akasema Nungunungu.

Kuchakuro akahamaki. "Wawili wamekubaliana! Badili neno lako, watoto wanalia njaa."

"Sibadili nilichosikia."

Wakachimba chini ya mwamba, wakakuta tope tupu. Ndipo Kuchakuro akauliza alichopaswa kuuliza tangu mwanzo: "Komba aliwaambia lini?"

"Kabla ya mafuriko," wakajibu Kanga na Kwale.

"Siku yenyewe ya mafuriko," akasema Nungunungu. "Nilikuwa najikinga mvua chini ya mti wake."

Kumbe Komba alikuwa ameihamisha akiba, akatangaza, na ngurumo zikaimeza sauti yake kwa waliokuwa mbali.

Walichimba kichakani, watoto wakala wakashiba. Kuchakuro akamkumbatia Nungunungu, miiba ikamchoma, wala hakumwachia.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema. "Ungekubaliana na wenzako, tungekufa njaa huku tumeelewana."