Chungu Kinacholia

Shebe, mwenye tanuri la vyungu, alikuwa ameshakata shauri: kuanzia kesho angerudi kulipa kwa siku. Tangu aanze kulipa kwa chungu, wafinyanzi wake walikuwa wakikimbizana, na wateja wakirudisha vyungu vyenye nyufa.

"Kwa siku, anayesinzia na anayefinyanga tunalingana," alisema Mwanaheri, mmoja wa wafinyanzi hao. "Endelea kulipa kwa chungu, Bwana Shebe. Ila hesabu kinacholia tu."

"Kinacholia?"

"Kwani wanunuzi sokoni wanavijaribuje?"

Akainamia safu yake, vyungu ishirini vilivyotoka tanurini asubuhi ile, akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Vililia kama kengele. Cha mwisho kikatoa sauti nzito, iliyokufa palepale. Wenzake wakaangua kicheko.

Mwanaheri hakununa. Alikinyanyua juu, akakiachia kikavunjika miguuni pa Shebe.

"Kumi na tisa," alisema.

Kicheko kikakatika. Kule mwisho wa uwanja, Kazija, mwenye vyungu arobaini na sifa ya kumaliza wa kwanza, alisogeza kimoja sikioni. Akakunja kidole, lakini hakugonga.