Panya Buku na Mbegu za Msaji

Panya Buku, mjane mwenye wasiwasi kuliko kuku mwenye vifaranga, alifukia mbegu za msaji siku upepo ulipouangusha mti huo uliompa kivuli tangu arusi yake. Masika mawili yakapita, wala chipukizi moja halikuchungulia.

Mchwa wa kichuguu jirani wakabisha hodi. "Shikamoo, mama. Tunaomba maganda ya mbegu zako tu, kiini hatukigusi."

"Marahaba. Nyumba ya dada yangu mliianza hivi hivi, kwa shikamoo!" Akawafukuza kwa mkia.

Siku alipokwenda matangani kwa shemeji yake, mchwa wakarudi. Aliporejea alikuta nusu ya mbegu zimetafunwa maganda. Akalia hadi masharubu yakalowa, akazifukua zilizosalia, akazifukia mlangoni pake, akazikalia.

Mvua ikanyesha. Zilizotafunwa zikaota, zikatoa majani mapana. Zile alizozikalia zikabaki ngumu kama mawe.

Kesho yake Panya Buku alifika kwenye kichuguu, mashavu yamevimba. Akazitema zile mbegu ngumu zote mlangoni, akasafisha koo, akatazama pembeni.

"Hodi, wanangu. Siku zote hizi, mbona hamji kula kwangu?"